Kuitika kwa Jina la Babu

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuitika. Kwetu Ukambani, mjukuu aliyepewa jina la babu yake huhesabiwa kuwa ndiye babu, na nyanya humwita mume kwa utani. Jina la babu lilikuwa langu. Tangu utotoni Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya, alinidai nyama na kunisuta kwamba ninatazama wake wengine, na watu wakacheka.

Mwaka niliomaliza shule nikakosa kazi, aliniuliza kama yule ng'ombe mweupe amezaa. Hatukuwa na ng'ombe mweupe. Walicheka kama kawaida. Mimi siwezi kufanya jambo nusunusu, kwa hiyo niliazimia kuwa mume bora wa utani kuliko mjukuu yeyote wa hapa kijijini Kasikeu. Nilimwuliza baba jinsi marehemu babu alivyoongea, nikajizoeza nyuma ya ghala. Niliposalimu kwa sauti ile, Susu alinisogezea kigoda, akaniuliza kwa nini nimechelewa. Hakuwa akicheka. Niliona, nikafurahi kwamba nimeweza.

Alianza kutia chumvi mara tatu katika chungu kimoja. Mama alisema ni uzee tu. Kanisani walimwombea.

Kiangazi kilipokaza, aliniuliza kesho nitachimba wapi. Enzi zake, babu alichimba maji kwenye mchanga wa mto mkavu.

"Palepale," nilimjibu kwa ile sauti. "Uniletee chakula."

Kesho yake nilikuwa sokoni nilipoona mawingu meusi yamekaa juu ya vilima vya mbali. Kwetu jua liliwaka. Lakini kila mtu hapa anajua kwamba mto wetu hujazwa na mvua ya watu wengine. Nilirudi mbio. Susu hakuwepo, wala sufuria ya muthokoi, chakula chetu cha mahindi ya kukoboa.

Nilimkuta katikati ya mchanga, ameketi kando ya shimo la zamani, sufuria mapajani. Upande wa juu kulikuwa na mngurumo, kama lori likipanda mlima. Nilimshika mkono akanisukuma.

"Niache, kijana. Mume wangu hajala."

Nilimwambia mimi ndiye. Alinitazama kama vile mimi ni mwizi. Jirani aliyekuwa akichota maji alimshika mkono wa pili, tukamburuta hadi ukingoni. Maji yalipita, mekundu, na magogo ndani yake.

Jumapili niliomba nafasi kanisani nikayasema yote, hata mazoezi ya nyuma ya ghala. Mzee mmoja alisema nimerogwa. Akina mama walianza kuulizana nani anapita karibu na kwetu.

Sasa wamegawana siku za kukaa na Susu. Mzee aliyepotewa na kumbukumbu haachwi peke yake, na anayekaa naye habishani naye wala hamdanganyi. Susu akimtaja mumewe, tunamwomba atusimulie habari zake. Mimi nina zamu ya Jumanne.