Mgonjwa Akisema Bado

Nilianguka mtihani wa vitendo kwa sababu ya haraka. Pale darasani, mtaa wa Al-Hindawiyah huku Saudia, mwanafunzi mwenzangu, msichana wa Mombasa, alilala kitandani akijifanya amepooza. Nilimgeuza ubavu, nikabadilisha shuka, nikamfunika. Mwalimu wetu, muuguzi Mkenya, aliweka kalamu chini.

"Dada, huyu ni mtu ama ni godoro? Hukumwambia hata neno moja."

Wenzangu walicheka. Akanipa nafasi ya kurudia Ijumaa iliyofuata. Sikuwa na nyingine baada ya hiyo, maana Jumamosi madam, mwajiri wangu, alikuwa anahamia Riyadh na familia yote, mimi nikiwemo. Mafunzo ya wiki sita ya kuhudumia wagonjwa yangebaki bila cheti, nami ningebaki kusugua sakafu za watu.

Wiki hiyo sikutulia. Nilifunga maboksi, nikayafungua, nikayafunga tena. Kufanya kazi kimya ndiyo nilikuwa najua. Niliacha shule darasa la saba mama alipougua, nikawa namgeuza bila kusema kitu, wadogo zangu watatu wasiamke. Na Saudia, mfanyakazi hasifiwi kwa kuongea.

Kwa madam, mtaa wa Al-Rawdah, kulikuwa na mama kabira, yaani mama yake mzazi, asiyeweza kujigeuza. Jumatatu nilisimama kando yake na Kiarabu changu cha jikoni.

"Mama, nakugeuza upande wa dirisha. Uko tayari?"

Akajibu, "La."

Miaka minne nilikuwa sijamuuliza, kwa hiyo sikuwahi kukataliwa. Nilisimama pale, mikono ikiniwasha, wali ukiwa jikoni, madam akiniita. Hatimaye akasema, "Haya, yalla."

Kesho yake alikataa tena. Keshokutwa pia, na safari hiyo akiwa anatabasamu.

Ijumaa nilimwinamia yule wa Mombasa, nikamweleza ninachotaka kufanya. Akafumba macho.

"Bado, dada. Nasikia uvivu."

Darasa zima liliguna. Nilijua ananichokoza. Nikarudisha mikono nyuma, nikaishika isinikimbie, nikangoja. Mwalimu aliacha kuangalia saa, akaanza kuandika.

Cheti kiko kwenye sanduku langu, hapa Riyadh. Bado natafuta njia ya kukitumia, na mkataba haujaisha. Asubuhi hii mama kabira amesema "la" mara mbili. Madam anaita jikoni. Nimemjibu kwamba nina mgonjwa.