Karatasi Alizoondoka Nazo Anti Naeku

"Anti, mbona karatasi zetu unaondoka nazo?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la sita, nimesimama mlangoni mwa chekechea ya mtaani kwetu Olasiti, ambayo kila Jumamosi mchana ilikuwa inageuka kuwa ukumbi wake. Anti Naeku alikuwa anakusanya penseli. Alicheka kidogo kwa pua, akasema, "Swabaha, kamwite mwenzako mje mfagie." Karatasi akazikunja, akazitia kwenye kikapu, akafunika na kanga.

Angenijibu tu siku ile, huenda leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini mtu akilikwepa swali langu, mimi naanza kumfuatilia. Ndivyo nilivyo.

Naeku alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, Mwarusha wa kule magharibi ya mlima Meru, Mlutheri, kwaya anaimba sauti ya pili. Alipanga chumba kimoja nyuma ya ile chekechea. Hakuwa na mume wala mtoto, na mtaani kwetu hilo peke yake linatosha kumfanya mtu ajadiliwe. Zamani alifanya kazi kwenye kampuni ya utalii hapo mjini. Kazi yake ilikuwa kukaa ofisini na redio ya mawasiliano, anaongea na madereva walioko porini: nani yuko wapi, nani kakwama kwenye tope, nani apite njia ipi. Watalii walipokatika kipindi cha korona kampuni ikafungwa, na yeye akabaki na ile sauti yake ya redio, ya kutamka kila neno kama anakukabidhi yai.

Kitu alichotuletea mtaani kilikuwa hiki. Anawakalisha watu wawili wawili, mgongo kwa mgongo: mke na mume, mama na mtoto, wachumba, marafiki. Mmoja anaeleza kitu anachokijua, mwenzake anachora anachosikia. Hakuna kugeuka. Raundi ya kwanza mchoraji haruhusiwi hata kuuliza. Alisema alifundishwa kwenye semina ya kazini, baada ya kumwambia dereva mmoja kule porini Momela "pinda juu," na dereva akapotea na wageni wake wote.

"Mimi juu kwangu ni mlimani," alituambia. "Yule kaka mtu wa Lindi. Juu kwake ni mbinguni!"

Tulicheka, lakini siku yangu ya kwanza na mimi nilipotea hivyo hivyo. Niliwekwa na rafiki yangu Naisiae, ambaye kwao wanaongea Kimaa. Yeye akaambiwa aeleze nyumbani kwa babu yake, mimi nichore.

"Chora nyumba," Naisiae akaanza.

"Tayari."

"Mchoraji haongei!" Anti Naeku akanikata.

"Juu ya nyumba kuna zizi. Juu ya zizi kuna choo. Chini ya nyumba kuna ng'ombe wawili wamelala."

Nikachora nilichosikia. Tulipogeuka, Naisiae akapiga yowe.

"We Swabaha! Choo umekiweka kwenye bati!"

"Si umesema juu?"

"Juu! Juu huku!" akanyoosha kidole kwenye ukuta, ambapo nyuma yake, mbali, ndiko uliko mlima Meru. "Na ng'ombe wa babu umewazika wazima!"

Sisi asili yetu Kondoa. Kwetu juu ni juu. Darasa zima lilicheka, lakini Anti Naeku hakuuliza nani kakosea. Hakuwahi kuuliza hivyo, hata siku moja. Aliniuliza, "Swabaha, ulisikia nini?" Kisha akamgeukia Naisiae: "Na wewe, ulipokuwa unasema, ulikuwa unaona nini?" Raundi ya pili nikaruhusiwa kuuliza, nikauliza mpaka Naisiae akasonya. Juu ya bati au juu ya mlimani? Chini ya sakafu au chini ya bondeni? Choo kikashuka kutoka kwenye bati, ng'ombe wakafufuka.

Naisiae alitaka kwenda kumwonyesha mama yake.

"Hapana," Anti Naeku akasema. "Karatasi zinabaki."

Ndipo nikauliza swali langu, na ndipo likakwepwa.

Muda si mrefu wezi wakaingia kwa Mama Lucky, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Televisheni waliiacha. Walikwenda moja kwa moja jikoni, wakasogeza ndoo ya maji, wakatoa mtungi wa gesi uliokuwa umefichwa nyuma yake. Kama vile waliwekewa alama.

"Na mimi mjinga ndiye niliyesema kwa mdomo wangu!" Mama Lucky alilia barazani kwetu, huku watu wanamtuliza. "Jumamosi ile naeleza jiko langu, nasema nyuma ya ndoo kuna mtungi. Mwenzangu kachora. Karatasi kaondoka nayo nani?"

Hakuna aliyetaja jina. Halikuhitajika.

Na neno lenyewe lilisaidia kumwangamiza. Mtaani kwetu mchoro ni mpango wa siri, na kumchora mtu ni kumtazama anavyoaibika huku wewe umenyamaza. Kwa hiyo kila mtu akawa anaambiana, "Yule dada anatuchora." Vijana wa bodaboda wakimwona mtu anaelekea chekechea wanamwuliza, "Unaenda kuchorwa?" Watu wakaanza kupungua. Waliobaki wakaanza kueleza nyumba za uongo. Mzee mmoja alieleza ghorofa, na sisi tunajua chumba na sebule yake inavuja.

Aliyeongea kuliko wote alikuwa baba yangu, Jabiri, muuza vipuri vya pikipiki.

"Mimi pale sijawahi kukanyaga na sitakanyaga," alisema tukiwa tunakula. "Mwanamke gani anakusanya ramani za nyumba za watu?"

"Si ramani," mama akasema taratibu. Mama anaitwa Arafa. "Ni mchezo tu wa kusikilizana."

"Wewe tena ndiyo unyamaze kabisa."

Mama akaanza kuchambua mchele wa kesho, ambao nilimwona kashauchambua jioni ile ile. Nikajisemea, hapa pana kitu. Nikafikiri kitu chenyewe kiko kwa Naeku.

Jumamosi iliyofuata mimi na Naisiae tulijibanza nyuma ya ukuta wa chumba chake. Alitoka na jiko la mkaa, akakaa kwenye kigoda, akafunua kikapu. Alikuwa anachukua karatasi moja moja, anaitazama. Moja aliigeuza kichwa chini miguu juu. Nyingine aliicheka peke yake. Kisha anaichana, anaisokomeza chini ya mkaa. Moshi ukapanda.

"Mchawi," Naisiae akaninong'oneza.

"Mchawi hachomi, mchawi anafukia."

"Wewe umejuaje?"

Tukakimbia.

Malalamiko yakamfikia Mzee Nathanaeli, mwenyekiti wetu wa mtaa, akaitisha kikao Jumapili baada ya ibada, pale pale chekechea. Mwenye chekechea alishasema wazi: mtaa ukimkataa Naeku, yeye anachukua funguo zote mbili, ya darasa na ya chumba. Na Naeku hakuwa na pengine pa kwenda. Shamba la baba yake kaka zake walishaligawana, dada hakuachiwa hata pa kuweka kigoda. Sisi watoto tulining'inia dirishani.

"Binti yangu," Mzee Nathanaeli akaanza, "hujashtakiwa. Tunauliza tu. Zile karatasi za watu ziko wapi?"

"Nimezichoma, mzee."

Darasa likaguna.

"Zote?"

"Zote. Kila Jumamosi nawashia jiko."

"Anachoma ushahidi huyo!" Mama Lucky akaruka.

"Mama Lucky, kaa. Binti yangu, kwa nini uchome? Si ungewapa wenyewe?"

Naeku akatazama mikono yake. Ndipo baba akasimama. Alivaa kanzu yake ya Ijumaa, ingawa ilikuwa Jumapili.

"Dada, tujibu kama watu wazima," akasema. "Mtu anaeleza nyumba yake, mwenzake anachora, wewe unabeba. Kwa nini watu wasiende na karatasi zao nyumbani?"

Naeku alimtazama baba. Akamtazama mpaka nikaona aibu mimi niliyeko dirishani. Kisha macho yake yakaenda upande wa wanawake, alikokaa mama, ambaye alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Kisha akamrudia mwenyekiti.

"Mzee, hilo sina jibu la kutoa hapa."

"Mnaona?" baba akasema, akakaa.

"Binti yangu, nipe neno moja tu nikusaidie," Mzee Nathanaeli akamwambia, na kweli sauti yake ilikuwa ya kutaka kumsaidia. "Moja tu."

"Sina, mzee. Mnisamehe."

Funguo zikachukuliwa. Alihama na kirikuu, kigari kidogo cha mizigo: godoro, kigoda, jiko, ndoo, basi. Hakuna aliyemsindikiza. Nilimwona mama nyuma ya pazia, anafuta macho kwa kiganja, na nilipomwuliza akaniambia ni vitunguu. Jikoni hakukuwa na kitunguu hata kimoja.

Baada ya Naeku kuondoka, wezi waliingia nyumba nyingine mbili. Unadhani watu walijirudi? Walisema alishawaachia ramani. Hata mimi nilikuwa upande huo. Mtu asiye na hatia, nilijiambia, anajibu. Mpaka leo mtungi wa Mama Lucky haujaonekana, na hakuna aliyekamatwa.

Mwaka huu niko kidato cha tatu. Muhula uliopita klabu yetu ya midahalo ilialikwa kushindana kule Makumira. Siku moja kabla ya safari, mama aliniita uani.

"Nasikia Naeku ni matroni kwenye hosteli moja kule," akasema, huku anaanika nguo na hanitazami. "Ukimkuta, msalimie. Mwambie Arafa amesema hana neno tena. Anaweza kukujibu chochote."

"Neno gani, mama?"

"Wewe mwambie hivyo hivyo."

Nilimkuta kwenye ngazi za hosteli, anapukuchua mahindi. Nywele zimeanza mvi, sauti ile ile.

"Shikamoo, Anti."

"Marahaba. Huyu si Swabaha wa maswali? Umerefuka! Baba mzima?"

"Mzima."

"Na mama?"

"Mzima, anakusalimia. Amesema hana neno tena. Unaweza kunijibu chochote."

Mikono ikasimama kwenye gunzi. Akanitazama, kisha akaangalia kama kuna mtu karibu. Hakukuwa na mtu.

"Amesema hivyo? Arafa mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa hiyo, Anti, zile karatasi zetu mbona ulikuwa unaondoka nazo?"

Akacheka, ile ya puani. Lakini safari hii alisogea akanipa nafasi kwenye ngazi.

"Watu wangu wa kwanza kabisa pale chekechea, kabla mtaa haujajua, walikuwa baba yako na mama yako," akasema. "Desemba ile, wewe uko Kondoa kwa bibi yako. Mama yako aeleze sebule yenu, baba yako achore. Basi mama yako akaeleza: kochi, kabati la vyombo, pazia, mpaka msumari wa kutundikia mswala. Kiti cha baba yako akakisahau. Kusahau tu, mwanangu, kama mtu anavyosahau. Baba yako kachora alichosikia. Wanageuka, anaitazama nyumba yake, yeye hana pa kukaa. Akaikunja, akaondoka nayo, akaibandika ukutani mpaka siku uliyorudi, na kila akiletewa chakula anamwuliza mama yako, 'Nionyeshe nikalie wapi.' Mama yako akanijia analia: Naeku, mtu asiondoke tena na karatasi, na hili lisitoke hapa. Nikamwapia. Sasa baba yako anasimama mbele ya mtaa mzima, amenikazia macho, ananiuliza kwa nini watu wasiende na karatasi zao nyumbani. Ulitaka nimjibu nini?"