Siku Maman Adolphine Alipobebwa

Waliowahi kula maharage ya Maman Adolphine pale Kasha, Bukavu, wanajua kwamba jiko lake halikuwa la kutazamwa. Lilikuwa mabati ya kutu na mbao za makreti ya bia, limeegemea nyumba yake na kujitokeza kwenye kichochoro kama mtu anayependa habari za majirani. Kila aliyepita hapo wima aligeuza bega kukwepa bati, akapita kwa ubavu. Wenye matumbo waliyavuta ndani. Mwenyewe alisema hiyo ndiyo biashara yenyewe: nani atapita kwa ubavu mbele ya sufuria, pua ikiwa ndani ya mvuke, halafu aende zake bila kuuliza kama sahani zimeoshwa?

Jiko hilo hakulipata kirahisi. Alikuja mjini kutoka Walungu akiwa msichana, na kazi aliyoikuta ilikuwa ya mgongo. Boti za kisiwa cha Idjwi zilipotia gati Muhanzi, ufukweni mwa ziwa, yeye na wenzake waliingia majini hadi magotini, wakajitwika magunia ya mananasi na mikungu ya ndizi, kamba ikipita kwenye paji la uso, wakapanda mlima hadi soko la Kadutu. Miaka ikaenda hivyo. Kamba ilimwachia mfereji mdogo juu ya nyusi, ambao hata sasa, akiwa amenenepa na kupendeza, huufunika kwa kitambaa cha kichwa siku za Jumapili. Alipopata mabati yake alitundika kamba kwenye msumari ndani ya jiko, akaiambia, kwa sauti, "Weye ukae pale. Leo tumeachana."

Sasa avenue nzima, yaani mtaa wote, ilitaka kulivunja jiko hilo.

Mambo yalianza na mtoto. Msimu wa mvua uliopita Francine, mke wa Parfait, alishikwa na uchungu saa ya mchana. Wanaume wakang'oa mlango wa nyumba, wakamlaza juu yake, wakakimbia naye kuelekea barabarani. Walipofika kwa Maman Adolphine mlango ukakwama kati ya jiko na ukuta wa upande wa pili. Wakasukuma, wakavuta, wakagombana ni nani anasukuma wakati wa kuvuta. Mtoto hakusubiri waelewane. Alizaliwa ndani ya jiko, kati ya sufuria ya maharage na beseni ya sombe, majani ya muhogo. Wakamwita Emmanuella, na leo ni mnene kiasi kwamba mama yake analalamika kiuno.

Jumapili moja, baada ya misa, kamati ya avenue iliitisha mkutano. Mikutano yote ilifanyika kwenye garaji ya Papa Barthélemy, rais wa kamati, pale kichochoro kinapokutana na barabara. Ilikuwa garaji nzuri, yenye sakafu ya saruji na mlango mpana wa chuma. Kitu pekee kilichokosekana ndani yake kilikuwa gari. Papa Barthélemy alisema gari limeagizwa. Alisema hivyo tangu saruji ikiwa mbichi.

"Bandugu," alianza, "njia ni ya bote. Moto ikiwaka, tutatokea wapi? Mutu akigonjwa, tutamupitisha wapi? Tuliona yenye ilifikia Francine."

"Ilimufikia nini?" Maman Adolphine alikuwa amesimama tayari. "Si alizaa muzuri? Maji ya moto ilikuwa pale, moto ilikuwa pale, na miye nilikuwa pale. Ile haiko jiko tena, ile ni maternité!"

Garaji ikacheka kusikia jiko likiitwa hospitali ya uzazi. Maman Emérence, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, akapaza sauti kutoka nyuma. "Adolphine! Kama maternité yako haingekuwa mu njia, Francine angefika ku maternité ya kweli!"

"Na kule wangemupa maharage?"

"Tumuulize mwenyewe," akasema Papa Barthélemy. "Francine, sema. Jiko ilikusaidia ao ilikuzuia?"

Francine akamhamisha Emmanuella kutoka bega moja hadi jingine. "Papa Président, miye nilikuwa napiga kelele. Sikuangalia ukuta."

Walipomaliza kujifuta machozi ya kicheko, muzee Philémon aliomba neno. Alikuwa mtu wa Mwenga, fundi wa vikapu, na aliongea mara chache. Alisema kwao, milimani, hawabishani juu ya upana wa njia. Mgonjwa hubebwa kwa kipoyi, kitanda cha kamba kilichofungwa kati ya mianzi miwili, na watu wanne wanaiweka mianzi mabegani. Kipoyi kikikwama, kesho yake watu wanatoka na mapanga kupanua njia. Yeye angeweza kukisuka, na avenue ikawa nacho, mvua au jua.

Hapo ndipo Maman Adolphine alipopata wazo lake.

"Muzee Philémon asuke," alisema. "Siku ya salongo tufanye mazoezi. Na mugonjwa nitakuwa miye. Kipoyi ikipita na miye ndani, mutu asiguse jiko yangu tena, hata kwa kidole!"

"Ikikwama?" akauliza Papa Barthélemy.

"Haitakwama."

"Adolphine abebwe?" Maman Emérence alishika kiuno kwa furaha. "Basi tutengeneze pia bipoyi ya bale batamubeba!"

Hata mkutano ulipokwisha watu walibaki wakicheka, lakini waliafikiana: kikipita, jiko linabaki, kikikwama, linavunjwa. Maman Adolphine alirudi nyumbani akiimba. Hakuwa amesema neno lile kwa kubahatisha. Alikuwa ameipima kichwani nafasi kati ya jiko na ukuta wakati wa vicheko, na alipofika aliipima tena kwa fimbo ya ufagio, kwa utulivu, upande mmoja hadi mwingine. Nafasi ilikuwepo. Akikunja viwiko, ilibaki hata ya ziada. Ijumaa usiku alipika maharage ya kutosha avenue nzima kwa ajili ya Jumamosi, ili watu wasife njaa wakati wa kumwomba radhi.

Jumamosi ya salongo, kazi ya pamoja ya mtaa, watu walifyeka majani na kuzibua mitaro, lakini hakuna aliyefanya kazi vizuri. Kila mtu alikuwa anatazama juu kichochoroni, nyumbani kwa muzee Philémon. Kipoyi kilipotoka kilikuwa kizuri, cha mianzi mibichi iliyong'aa. Maman Adolphine alivaa kitenge cha sikukuu. Alijilaza, akafumba macho kama mgonjwa mahututi, akafumbua moja.

"Parfait, weye ulinyanyua bibi yako ukamukwamisha. Leo uangalie."

"Maman, nilikuwa na mulango. Leo niko na mulima."

"Nitakufinya!"

Kisha Papa Barthélemy akapuliza filimbi, na avenue yote ikajibu. Ndivyo watu wa Bukavu wanavyoitana mwizi akiingia: mmoja anapiga sufuria, wa pili anasikia anapiga yake, na kelele inaruka kutoka paa hadi paa. Siku hiyo walipiga kwa miiko, kwa mawe, kwa vifuniko. Mbwa walipagawa. Wanaume wanne wakasema "Hoo!" na Maman Adolphine akapanda hewani.

Hakuwa amefikiria jambo hilo. Alikuwa amefikiria viwiko, fimbo ya ufagio, jiko. Hakukumbuka kwamba tangu mama yake amshushe mgongoni kule Walungu, hakuna kiumbe aliyembeba tena. Alibeba mananasi, ndizi, makaa, maji, watoto wake na wa wengine. Sasa miguu yake ilining'inia kidogo nje ya kitanda, haina kazi, na dunia ilikuwa inapita chini yake bila yeye kuisukuma.

"Yee Maria!" alisema. Halafu akaanza kucheka, na kicheko hakikutaka kuisha.

Aliona mapaa. Aliona ndala ya Maman Emérence, ile ambayo jirani huyo alimshtaki mwaka jana kuwa ameiiba, imekauka juu ya bati la Maman Emérence mwenyewe. "Emérence! Ndala yako ile! Mwizi ni paa yako!" Aliona migomba, nguo zilizoanikwa, moshi. Na kichochoro kilipopinda, akaona ziwa.

Alikuwa ameliingia ziwa hilo maelfu ya mara na hakuwahi kuliona hivi. Mwenye kamba kwenye paji haoni ziwa. Anaona visigino vya mwenzake aliye mbele. Sasa lilikuwa limelala lote pale chini, na mbali, ndani ya bluu yake, kisiwa cha Idjwi, kirefu, na mbingu juu yake.

"Kumbe ile mananasi yote ilitoka kule?" aliwauliza wabebaji.

"Maman, usitikisike," Parfait alihema.

"Nisitikisike namna gani? Nyinyi hamuone yenye miye naona!"

Ndipo kipoyi kikakwama.

Kilikwama kabisa. Mwanzi wa kushoto uligonga ukingo wa paa la jiko, wa kulia ukakwaruza ukuta, na Maman Adolphine akateleza mbele hadi magoti yakafika kidevuni. Sufuria zikanyamaza moja moja. Alitazama chini, akaona nafasi ileile aliyoipima kwa ufagio, wazi kabisa, kwenye usawa wa kiuno. Alikuwa ameipima njia kama alivyoipita miaka yote, akiwa ameinama chini ya mzigo. Juu, kwenye mabega ya watu waliosimama wima, bati lilikuwa limejitokeza kwa zaidi ya kiganja.

Papa Barthélemy alikuja mbele, na uso wake haukuwa wa mshindi. Alikula pale kila siku. "Maman..." alisema.

Parfait aliyapima mabati kwa jicho, akanong'ona: "Maman, tukubinue kidogo ku upande? Tukikubinua, inapita. Mutu hatasema kitu."

Ni kweli, ingepita. Jiko lingebaki. Maman Adolphine alishika mianzi pande zote mbili, tayari kubinuliwa. Kupitia tundu la bati aliona ile kamba yake kwenye msumari. Chini, karibu na mlango, alisimama Francine na mtoto wake mnene, mahali palepale. Alikuwa amejishika tumbo tu kwa mkono mmoja, bila kujua.

"Weye Parfait," alisema Maman Adolphine, "ile siku ungemubinua Francine?"

Parfait akamtazama mkewe.

"Mugonjwa habinuke! Bomoeni!"

"Maman, ni jiko yako!"

"Najua ni jiko ya nani! Bomoeni, nataka kufika ku barabara!"

Na kwa kuwa walisita, aliunyoosha mguu wake wa kitenge cha sikukuu, akalipiga bati teke. Lilikuwa bati la kutu, la miaka mingi, na halikuhitaji teke la pili. Paa lilishuka polepole kwa mlio mrefu, mbao zikafuata, na ndani ya vumbi sufuria kubwa ya maharage ikabaki imesimama juu ya mafiga yake, haikumwagika hata tone. Avenue ikalipuka. Sufuria zikaanza upya, mara mbili ya mwanzo, na kipoyi kikapita kama maji.

Walishuka naye mbio. Maman Adolphine alikuwa amenyoosha mikono yote miwili, anapiga vigelegele, kitambaa kimemtoka kichwani na mfereji wa kamba uko wazi kwa jua. Huku chini, watu wa avenue ya jirani waliokuwa wamesikia sufuria walikuwa wanapanda na fimbo.

"Mwizi iko wapi?"

"Iko hapa!" alipiga kelele kutoka juu. "Muniache, nimeiba njia!"

Walimtua mbele ya garaji. Alisimama, akayumba, akashika bega la Maman Emérence. Kwa muda aliendelea kucheka. Halafu miguu yake ikaizoea ardhi, na akili ikarudi pamoja nayo. Alitazama juu kichochoroni, kulikokuwa na vumbi.

"Emérence," alisema taratibu. "Kesho nitapikia wapi?"

Maman Emérence akampangusa vumbi mgongoni. Watu wakainamisha vichwa. Mmoja akataja soko, mwingine akataja kando ya barabara, ambapo mvua hunyeshea kila kitu. Maman Adolphine aliwasikiliza, huku macho yake yakizunguka: barabara, mtaro, mlango mpana wa chuma. Sakafu ya saruji. Akafunga kitambaa chake upya, bila haraka.

"Papa Président, ile gari yako iko njiani?"

Papa Barthélemy alikohoa. "Iko njiani, Maman."

"Inakuja kweli?"

"Inakuja."

"Basi miye nitakaa humu mupaka ifike. Siku utaona taa zake pale ku kona, piga filimbi tu. Nitatoa sufuria mbele gari haijazima motere."

Watu wakauma midomo. Papa Barthélemy aliutazama umati. Kukataa kulihitaji gari, na kukubali kulihitaji kuvumilia kicheko kilichokuwa tayari kinamchungulia kwenye mashavu ya Parfait. Alishusha mabega.

"Mupaka ifike," alisema.

Kicheko hicho, wanasema, kilisikika hadi Kadutu. Sufuria ya maharage ikateremshwa papo hapo, kwa kipoyi, na wanaume wanne waliibeba kwa heshima zaidi kuliko walivyombeba mwenyewe. Wale wa avenue ya jirani waliweka fimbo chini wakapewa sahani.

Kipoyi sasa kinaning'inia ndani ya garaji, juu ya meza, kwenye misumari miwili, na kamba ya zamani imening'inia kando yake. Kimeshafika hospitali zaidi ya mara moja, bila kukwama popote. Mazoezi yanaendelea siku za salongo, na kila mara kuna mabishano juu ya nani atakuwa mgonjwa. Maman Emérence anadai zamu yake na Maman Adolphine anajifanya hasikii. Papa Barthélemy anakula pale mchana, kwenye kona iliyo karibu na mlango.

"Papa Président," Maman Adolphine humuuliza akimwongezea maharage, "gari imefika wapi?"

"Iko Dar es Salaam, ku port."

"Masikini. Safari ndefu. Iache ipumzike, Papa. Kula."