Mpaka wa Zuhura Juu ya Kimhandu

Mpwa wangu Zuhura binti Chausiku ana miaka thelathini na moja, hajapanda ndege hata siku moja, na anga lote la Morogoro liko mikononi mwake. Mkibisha, nendeni mjini dukani kwa Rizwana, pale Zuhura anapochapa barua na kutoa fotokopi, mkaulize. Akili hiyo kaitoa kwangu, mjomba wake Mwinjuma. Mimi niliishia darasa la sita, lakini si kwa kukosa akili. Nilimshinda mwalimu hesabu mbele ya mkaguzi, naye hakupenda.

Nieleze kazi yenyewe, maana wengine mtadhani ni uganga. Kuna watu wanarusha ndege za kwenye kompyuta, wamekaa majumbani mwao na soksi. Wenzao wanakuwa waongozaji, wanazitazama ndege hizo kwenye rada, nayo ni ya kwenye kompyuta vilevile. Hakuna anayekufa, ila milima humo ina urefu uleule wa kweli, sheria wanazifuata zote kama za kweli, na kununiana wananuniana kweli. Sasa rada hiyo ukiifungua bila faili la ramani ni nyeusi tii, kama sufuria iliyounguliwa na maharage. Faili ndilo linaloiambia: hapa uwanja, hapa mto, hapa mlima, ndege isishuke chini ya futi kadhaa. Ni maandishi tu, mstari chini ya mstari, namba juu ya namba. Ya upande wetu aliyaandika Zuhura, kwa kompyuta ya dukani, kila alipomaliza kazi za watu.

"Mradi usinimalizie wino," Rizwana alimwambia, akamwachia ufunguo.

Namba zenyewe hakuziokota njiani. Alitoa fotokopi ramani za zamani za upimaji, kisha tukaenda kuzihakiki kwa miguu. Tulilala Kinole kwa ndugu, tukaendelea kupanda, yeye na simu yake ya kupimia, mimi na mkungu wa ndizi. Alipoandika kilele cha Kimhandu kuwa futi elfu nane na mia sita na ushee, nikamwomba aongeze mia tano za heshima.

"Mjomba, mlima haugombei udiwani," akasema, akaandika vilevile alivyopima.

Miaka miwili faili lake likatumika. Halafu mwezi wa tatu mwaka huu akapiga simu Leonard, kiongozi wa kikundi chao, anayekaa Dar. Katengeneza faili jipya, jepesi. Kila mtu aweke hilo, la zamani afute. Asiyefanya hivyo anaondolewa kwenye nafasi yake ya uongozaji. Zuhura alikwishalifungua. Milima yote ya Uluguru imefanywa kiboksi kimoja, na juu yake imeandikwa futi elfu nane, basi.

"Hapo juu ya Kimhandu inatakiwa elfu kumi, mlima pamoja na nafasi ya usalama," alimwambia. Simu ilikuwa mezani, sauti nje, tunasikia wote.

"Dada Zuhura, mimi nimekulia hapo mjini. Mlima mrefu ni Lupanga. Nimeuona kila asubuhi nikienda shule. Elfu nane unauvuka vizuri."

Hilo ndilo kosa la watoto wa mjini. Lupanga umesimama mlangoni umejaza dirisha, wanadhani nyuma yake hakuna mtu.

"Kimhandu uko nyuma, kusini," Zuhura akasema. "Huuoni mpaka uende."

"Nani anapita huko? Hiyo milima ya bibi yako tu."

Hapo nikaingia. "Ni ya bibi yake kweli. Kwetu ardhi inapitia kwa mama. Hujakosea."

"Shikamoo mzee. Sikujua upo."

"Marahaba. Hebu rudia, simu inakata."

Akarudia. Simu haikuwa inakata.

Zuhura akaisogeza karibu. "Sikia, Leonard. Kwetu mtu akibisha mpaka, mnautembea wawili, mjomba wa mwenye shamba akiwa shahidi. Asiyetokea kapoteza. Jumapili saa tisa njoo na ndege yako. Nitaweka faili lako, utapita kwa futi zako."

"Nikipita salama?"

"Nafuta la kwangu. Na nafasi naiacha."

Leonard akacheka, akakubali. Mimi sikucheka. Simu ilipokatwa nikamwambia, mwanangu, miaka miwili hiyo unaiweka mezani kwa ubishi wa mchana mmoja.

"Mjomba, Kimhandu uliuona?"

"Niliukanyaga."

"Basi acha woga."

Jumapili nilivaa shati la Idi. Rizwana alileta chai na kiti chake mwenyewe. Wanakikundi kama kumi na tano waliingia mtandaoni kusikiliza. Kwenye rada faili la Leonard lilikuwa safi, halina hata mstari wa kumsumbua mtu, na kidoa cha ndege yake kikatoka uwanja wa Morogoro, kikapanda hadi elfu nane, kikageukia kusini. Wingu la kwenye kompyuta nalo hufuata la kweli, na lilikuwa zito, kama huku kwetu siku zote.

"Lupanga huo nimeuacha nyuma," Leonard akasema. "Mzee shahidi, umeona?"

"Nimeona. Endelea kutembea."

Baada ya dakika kadhaa Zuhura akabonyeza kitufe cha kusemea. Sheria ni sheria. "Nakushauri upande elfu kumi sasa hivi."

"Nabaki elfu nane."

Kidoa kikasogea, kikasogea tena, kikasimama. Rizwana akashusha kikombe. Huko mtandaoni mtu akaanza kukohoa, nadhani alikuwa anazuia kicheko.

"Mzee," Leonard akasema taratibu, "hiki nilichogonga ni nini?"

"Bibi yake," nikamjibu.

Kesho yake ujumbe wa Leonard ukaja. Faili la Zuhura limekubaliwa, kikundi kizima kitalitumia. Ila kuna mstari mmoja, wa juu kabisa, aufute. Kwenye mafaili hayo mstari ukianza na nukta mkato rada inauruka, ni wa watu kusoma. Zuhura alikuwa kaandika hapo: Mpaka huu umetembewa na Zuhura binti Chausiku. Shahidi, mjomba wake Mwinjuma. Leonard akasema faili ni mali ya kikundi, majina ya watu hayahitajiki.

Zuhura akajibu bila kuniuliza: "Rada haiusomi, haumzuii mtu kupaa. Ukiubisha, Jumapili saa tisa."

Jumapili nilifika dukani saa nane, na shati lilelile. Tukafungua rada, tukakaa. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, Rizwana akamaliza birika zima. Leonard hakutokea.

Mstari uko palepale. Fungueni mkasome, jina langu ni la pili.