Kikombe cha Sista

Sista wa zahanati kule Sosiot, mama mnene mwenye vidole vyepesi, hakukataa chai ya mtu. Alikuwa akikipokea kikombe kwa mikono miwili, anaota joto lake huku akiuliza habari za nyumbani, kisha anakirudisha kimejaa, kimepoa. Osoro, au Baba Gesare, dereva wa lori la majani chai, aliyekuwa akimmiminia yake yenye sukari tele, aliona ni maringo. Hadi siku moja mwaka wa 1997, sista alipomsomea majibu yake ya hospitali, akamwambia ukuta wa moyo wake umekuwa mnene.

“Mafuta ya tumbo, ile sukari inaleta, inatuma homoni, Baba Gesare. Moyo iko na vipokezi, kama masikio. Ikisikia hiyo homoni kila wakati, inanenepa. Hii tembe inaziba masikio.”

“Nimeze mpaka lini?”

“Mimi niko mwaka wa tisa.” Sista alitoa tembe kama ile mfukoni mwake, akaimeza kwa funda moja tu la chai ya Osoro, akamrudishia kikombe.