Nilisema R, Kaka Akawaambia Nilisema L

Admin, jina langu liache, na kituo usikitaje kabisa maana Muleba tunajuana. Mimi ni msichana wa miaka 23, sijaolewa, na sina cheti chochote cha kompyuta. Naanza na cheti kwa sababu ndicho kinachonimaliza. Kompyuta nimejifunza mwenyewe, kwenye duka la kaka pale Bukoba mjini. Kaka ni mtoto wa shangazi yangu, ila nilipomaliza form four yeye ndiye alinitoa kijijini kwetu Ngenge akanikalisha kwake Rwamishenye miaka miwili. Nilikuwa nafungua mashine mbovu za wateja wake, naharibu, narekebisha, naharibu tena, na hakuwahi kunigombeza. Kwa hiyo mjue siongelei mtu baki.

Mwaka jana nikapata kazi kwenye kituo cha afya cha masista huku Muleba. Kompyuta zote nasimamia mimi, na seva pia, yaani ile mashine kubwa inayotunza mafaili ya wagonjwa wote. Seva ilikuwa imezeeka, inajizima yenyewe. Sista anayesimamia kituo akaniambia nichague mpya, nikishachagua yeye atasaini. Jamani nilichanganyikiwa kwa furaha. Mimi, mtoto wa Ngenge, nachagua seva. Wiki tatu nasoma tu, nalinganisha, hadi ndoto zangu zilikuwa za diski na RAM. Mwisho nikabaki na mbili, za kampuni moja, zote za saizi ya kati. Ukizitazama mbele ni sura moja, hata jina ni moja, tofauti ni herufi ya mwisho tu. Moja ni R, nyingine ni L. L haina kelele na inakula umeme kidogo, nzuri tu, lakini ina pawa saplai moja, yaani kile kifaa kinachoiingizia umeme. R inazo mbili. Moja unachomeka kwenye umeme wa kawaida, ya pili kwenye sola, umeme ukikatika yenyewe wala haishtuki. Na umeme wa huku tunaujua. Nikasema R. Na itoke dukani kwa kaka, nimpelekee nani mwingine?

Wiki ambayo seva ilifika nilikuwa Ngenge kwa mama, malaria imenilaza. Kaka akanipigia, akasema pumzika mdogo wangu, mimi nitaenda kuifunga. Nilimshukuru hadi machozi. Niliporudi nikakuta inawaka, mafaili yamehamishwa, kila kitu safi. Ipo kwenye kabati lake, kaka amelifunga vizuri, mimi naona sura ya mbele tu. Sikuigeuza. Kwa nini nigeuze kazi ya kaka?

Sasa Jumanne moja, siku ya kliniki ya wajawazito, umeme ukakatika saa nne asubuhi. Seva ikafa. Nikakimbia, nikafungua kabati, nikazunguka nyuma. Pale panapokaa pawa saplai ya pili pana kibati kimefunika tundu. Umeme uliporudi diski mbili hazikusoma. Wale akina mama walikaa kwenye mabenchi hadi mchana, manesi wanawauliza upya kila kitu, mimba ya ngapi, damu kundi gani, na wengine hawajui.

Nikampigia kaka. Hakukataa. Alisema R hakuwa nayo, na ile L ilikuwa imemkalia dukani muda mrefu. "Nilijua wewe utaweza kuiendesha," akasema. Kama vile ananisifia.

Kamati ya kituo ikaitwa. Kaka alikuja amevaa tai. Alipoulizwa akasimama, akatabasamu, akasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu Sista, mdogo wangu anaijua kazi, ila aliniambia L kwenye simu. Si mnatujua Wahaya, R na L mdomoni kwetu ni ndugu." Watu wakacheka. Sista naye akacheka kidogo. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko changu ndicho kinaniuma kuliko vyote, maana nilikaa pale nacheka huku naibiwa mdomo wangu.

Jioni nikapekua WhatsApp. Ujumbe wangu wa sauti upo. Nasema, "Kaka, ni R, R ya redio. Usilete L, ina pawa saplai moja." Chini yake amejibu, "Nimekuelewa mdogo wangu."

Nikampigia mama, nikamsikilizisha ile sauti. Akasema, "Mwanangu, huyo alikulisha miaka miwili. Ukimwaibisha mbele ya masista, mimi nitamtazama shangazi yako kwa macho gani?" Akakata.

Jana Sista akaniita ofisini peke yangu, akafunga mlango. Akasema kamati inakaa Ijumaa, wengine wanataka nitoke, waletwe watu wenye vyeti. Akaniangalia. "Niambie mimi tu, binti. Ulisema R au ulisema L?"

Simu ilikuwa mfukoni. Nilikuwa naigusa kabisa. Nikamwambia, "Sikumbuki, Sista."

Ndugu zangu, nimedanganya. Nikiitoa ile sauti Ijumaa, Sista atajua kaka ni mwongo, na atajua na mimi nilimdanganya uso kwa uso. Nisipoitoa, naondoka Muleba nikiwa yule msichana asiye na cheti aliyechagua mashine mbovu, na nani atanipa tena seva niiguse? Usiku silali. Kaka ananitumia meseji za "umekula?" kama hakuna kilichotokea, na mimi najibu nimekula. Mnaosoma hapa wengi mmenizidi umri, mmepita mengi. Niende kwa Sista kabla ya Ijumaa, au nimlinde kaka? Semeni hata kama ni kunisema mimi.