Kiti ya Mama Mukwe

Kambere Jéthro hana maneno mingi. Ukimuuliza leo juu ya nini aliacha moto, pikipiki ya kupanda milima, akanunua ile ya kutambaa chini kama nyoka, atakujibu neno moja tu ya aibu: haya. Bengine batakuambia ilikuwa bujinga. Bale hapana kuwa na mama mukwe sawa Berthe.

Alizaliwa Kipese, kule juu, penye baridi inakata masikio na viazi vinalimwa mupaka kwa mulango ya nyumba. Alipokuwa kijana alikuwa mutu wa chukudu. Alikuwa anashusha magunia ya viazi juu ya mbao na magurudumu mbili, frein ya kuisimamisha ni kisigino, mupaka Butembo, na kurudi anaisukuma mulima yote. Chukudu njo ilimupatia muke, juu mutu mwenye kusukuma chukudu miaka saba anajulikana si muvivu. Akamuoa Kavuo, binti ya kule Mabalako kwenye mashamba ya kakao, akashuka naye Beni, akajenga mu Mulekera, akaanza kazi ya motari: kubeba batu Beni kwenda Butembo, Butembo kurudi Beni, kila siku ya Mungu.

Sasa, kwa Banande, kabila yao, bale bangali banashika mambo ya bazee, mwanaume na mama wa muke wake hapana kusogeleana. Hapana kupeana mukono. Hapana kula sahani moja. Mukwe akimuona mama anakuja mu njia, anaingia pembeni mu majani mupaka apite. Na kumugusa, mwili kwa mwili, hata bila kusudi, ni kosa ya mbuzi: unaleta mbuzi kwa bajomba ba muke, banaila, banakusafisha, maneno inaisha. Batoto ba leo banacheka, banasema ile ni ya zamani. Berthe hakuchekaka. Alizika bwana, alilima kakao peke yake, alisomesha batoto wane, na hakuna mutu alimuona anainama mbele ya kitu ingine kuliko jembe na Ekaristi.

Mwaka moja muguu yake ya kuume ilivimba. Jéthro akaenda na moto yake ya zamani amupeleke hospitali. Kiti ya ile moto ilikuwa fupi, imeshonwa mara tatu, batu mbili banakaa pale sawa maharagi mu ganda. Berthe akaangalia kiti. Akaangalia mugongo ya mukwe wake. Kisha akatia fimbo yake chini, akaanza kutembea.

Jéthro angefanya nini? Kumupita hakuweza, kumuacha hakuweza. Akazima moto, akaisukuma nyuma yake, hatua makumi mbili kati yao, kilometa kumi na mbili na jua ya saa sita. Bamotari bote ba njia ile bakapita na honi. Mumoja akapunguza mwendo, akamuambia, "Kaka, nani anagonjwa, ni mama ao ni moto?" Jéthro akaendelea kusukuma. Mbele yake ile muguu yenye kuvimba ilikuwa inakanyaga, inakanyaga, na siku ile akaapa mu roho: moto yenye nitanunua tena, mama atapanda.

Ikapita miaka mbili ya kujinyima. Ndipo akaenda Butembo kununua, pamoja na Kavuo, na Issaka, rafiki yake wa parking, pale bamotari banangojea batu, mutoto wa bale Baislamu ba Beni benye kuzaliwa mu kazi ya transport. Issaka naye alikuwa anatafuta moto. Mu ile magazini ya kuuzisha moto zilibakia mbili tu.

Ya kwanza ilikuwa refu na ya chini. Kiti yake ilinyooka sawa benchi ya kanisa, mbele ilikuwa na kioo ya kuzuia upepo, kandokando mifuko ya ngozi, na tumbo yake ilikuwa karibu na udongo. Bamotari banaiita Kitanda. Ya pili ilisimama juu kama mutu anavuka mutoni na suruali ya arusi: pneu za meno mu magurudumu, amortisa ndefu za kumeza mashimo, bomba ya moshi imepandishwa, na chini ya karteri, sanduku ya mafuta ya injini, mbuzi mudogo angeweza kupita. Kiti yake, ya mutu moja na nusu. Ile banaiita Kima, juu inapanda kila pahali. Bei yao ilikuwa karibu sawa.

Issaka akazunguka Kima, akaipiga teke ya upole mu pneu. Akasema barabara ya Butembo ni muzuri leo, lakini ya kesho hakuna mwenye kuijua. Jéthro akamujibu na sababu nyingi kuliko siku zote: Kitanda inabeba batu batatu; mama wa kikwembe, kitenge ya kujifunga, anapanda bila kuonyesha magoti; mugongo ya motari haivunjike. Zote zilikuwa kweli. Hakuna hata moja ilikuwa sababu.

Kavuo alimuacha amalize. Kisha akamuvuta pembeni, karibu na mafuta ya kuuzisha, akamuita na jina ya mutoto wao.

"Baba Jemima, najua ile kiti unainunulia nani. Chukua Kima."

"Mama yako hatatembea tena mbele yangu kama ng'ombe ya soko."

"Akikataa kupanda, atembee, ni kichwa yake. Siku ya kukimbia bauaji ba pori hakuna mutu atauliza nani aligusa nani. Vita haina haya ya bukwe."

Jéthro akaangalia ile kiti ndefu. Akapitisha mukono juu yake. Akalipa Kitanda. Issaka akalipa Kima, na jioni bakashuka Beni pamoja, mumoja juu, mumoja chini, na Kavuo nyuma ya bwana yake, ameshika chuma ya kiti, si kiuno yake.

Pasaka, Jéthro akaenda kumuchukua Berthe. Alikuwa ameleta mufariji, ile matela nyembamba ya kukunja, akaufunga na kamba katikati ya kiti: yeye mbele, mufariji katikati kama ukuta ya nyumba, mama nyuma. Berthe akatoka na kikwembe yake ya Mama Maria, akagusa kiti na vidole, akasukuma mufariji kuona kama unashika. Akakaa upande, magoti pamoja, mukono moja kwa chuma ya nyuma. Kufika mu kiwanja ya kanisa, mbele ya batu bote, akashuka na akasema akiangalia ukuta, kama vile inapasa: "Wasingya, aksanti, mukwe. Hii ni kiti ya mutu."

Jéthro aliishi na ile neno miezi kumi.

Kisha ikakuja ile juma ya mubaya. Bauaji balitoka mu pori, bakaingia mu kijiji ya karibu na shamba ya Berthe, bakaunguza nyumba, bakakata batu na mapanga. Habari ilifika Mulekera asubui. Kavuo alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo. Akaweka kisu chini.

"Enda uniletee mama," akasema. Hakutaja Kima. Hilo njo lilimuuma Jéthro kuliko matusi.

Kwenda, barabara ilikuwa wazi. Batu balikuwa banatoka na magodoro juu ya kichwa, yeye peke yake anaingia. Akamukuta Berthe anafunga mulango na funguo, kama mutu anaenda soko. Muguu yake ilikuwa imevimba tena, mubaya kuliko mara ya kwanza. Alikuwa amefunga mutwaro wa vikwembe. Mufariji ulibakia Beni, hakuna mutu aliukumbuka, basi akaamuru ule mutwaro ufungwe katikati ya kiti, vizuri, na kamba mbili. Jéthro akafunga. Risasi zilikuwa zinasikika kule mbali, na yeye anafunga kamba mbili.

Barieri, kizuizi ya jeshi ku njia kubwa, ilikuwa sasa imefungwa. Basoda balikuwa banalala chini pembeni ya barabara, mumoja akawapungia mukono: "Papa, zonga! Zonga!" Kurudi, ndiyo, lakini wapi? Ilibakia njia ya mashamba, ile inapita chini ya kakao, inavuka kijito, inapanda mulima na kutokea nyuma ya barieri. Usiku muzima mvua ilikuwa imenyesha.

Kitanda ilijikaza. Ilipita matope ya kwanza, ikapita ya pili. Ku kijito kulikuwa miti mbili za kuvukia, na katikati jiwe. Kima ingeruka. Kitanda ililala na tumbo juu ya lile jiwe, ikalia mara moja, karteri ikapasuka, na mafuta nyeusi ikatoka mu maji. Jéthro akashuka, akaweka mukono pale chini kama vile unaziba kidonda ya mutu. Mafuta ikapita katikati ya vidole.

Batu bakapita, bakikimbia. Kisha bakasikia moto. Issaka alikuwa ameenda kutafuta mama ya muke wake, na sasa alikuwa anarudi naye, pamoja na muke wake Amina mwenye mimba, aliyekuwa kwa mama yake, wote watatu juu ya kiti ya mutu moja na nusu, bameshikamana kama ndizi. Kima ikavuka kijito bila kuuliza jiwe. Issaka akasimama ng'ambo, akaona mafuta, akaona Berthe. Akasema atabafikisha hawa juu kwa barabara na atarudi. Bamungojee.

Bakamungojea. Na hapa batu banatikisaka kichwa, juu bangeweza kuanza kupanda pole pole. Hapana. Berthe akakaa upande moja ya njia, nyuma ya mugomba, na mutwaro wake kando, Jéthro upande ingine, mugongo kwa mugongo, macho mu majani, sawa inavyopasa mukwe na mama. Nusu saa ikapita vile. Njia ikakauka batu. Ndege bakanyamaza. Risasi ikalia, si mbali tena.

Jéthro akasimama, akavuka njia, akachuchumaa mbele yake.

"Mama, panda mugongo."

"Toka hapa. Mukwe hapana kubeba mama ya muke wake kama gunia. Enda, uniache. Hautakuwa na kosa."

Jéthro akageuka, akamuangalia usoni. Miaka kumi na moja ya ndoa, hakuwahi kujua kama Kavuo alitoa macho yake kwa huyu mama. "Kavuo alinituma kuleta mama," akasema. "Hakunituma kuleta habari."

Berthe akafungua mutwaro, akatoa kikwembe, akaikunja mara ine, akaiweka juu ya mugongo ya mukwe wake, akainyoosha na mikono mbili kama mutu anatandika altari. Ndipo akapanda.

Jéthro alikuwa mutu wa chukudu, mulima anaujua. Akavuka kijito, akapanda mulima na ule uzito akipumua sawa alivyojifunza Kipese, hatua tatu, pumzi moja. Haya ilimukula kuliko woga: pumzi ya mama mukwe ilikuwa moto kwa shingo yake. Nyuma, mu kakao, risasi zikalia mfululizo, tatu ao ine. Berthe akatoa sauti ndogo, kama mutu anakataa chakula. Jéthro akafikiri ni muguu. Akaendelea. Akasikia kichwa yake inalala juu ya bega lake, akawaza: sasa amezoea. Akaanza hata kumusemesha, yeye asiye na maneno, akamuelezea siku ile ya kilometa kumi na mbili, na kiapo. Hakujibu. Ilikuwa sawa, hakujibuka kitu.

Alikutana na Issaka karibu na kilele. Issaka alizima moto, akamuangalia, akaangalia nyuma yake. "Muweke chini, Jéthro," akasema. "Pole pole."

Kikwembe iliyokunjwa mara ine ilikuwa imelowa mupaka kunjo ya mwisho. Risasi ilisimama ndani ya Berthe. Mu mugongo ya Jéthro hakukuwa hata alama.

Maiti ya mutu wa heshima haiachwe mu njia. Bakamukalisha juu ya Kima, Issaka mbele, Berthe katikati amefungwa na kikwembe kwa kiuno ya Issaka, Jéthro nyuma, amezungusha mikono yake yote mbili asianguke. Katikati yao jani ya muti haingepita. Ku barieri ya kwanza soda wa zamu aliuliza kama mama anagonjwa, Issaka akajibu analala, bakafungua kamba ya njia. Ni vile Jéthro alimufikisha mama mukwe wake Mulekera, kidevu juu ya kitambaa yake ya kichwa, na Kavuo alikuwa amesimama mbele ya nyumba tangu asubui, sombe ingali chini.

Ku kilio, siku ya tatu, Zorobabel, jomba wa Kavuo, alikohoa, akasema na haya kidogo ya kama desturi iko inajulikana, ya kama mukwe aligusa mama, na ya kama si bajomba baliibuni.

"Nitaleta mbuzi mbili," Jéthro akasema.

"Desturi inaomba moja."

"Moja ni ya kumugusa. Ya pili ni ya kuchelewa kumugusa."

Bazee bakaangaliana. Zorobabel akasema polepole ya kama hiyo ya pili hapana desturi, hapana kuwa na mutu wa kuila. Jéthro akaileta hata hivyo. Ya kwanza bakachinja, bakamusafisha. Ya pili ikabakia imefungwa kwa muti wa ndimu, inalia, hakuna alitaka kuigusa, mupaka Kavuo mwenyewe akaifungua, akaipeleka kwa Amina mwenye alikuwa amejifungua.

Kitanda ilibakia mu kijito. Batu balichukua vyote, hata ile kiti. Leo Jéthro anaendesha Kima ya Issaka asubui, Issaka anaiendesha mangaribi. Mama mukwe wa mutu akimusimamisha mu njia, anashuka, anamushika mukono, anamupandisha yeye mwenyewe. Bengine banakataa, banamutukana. Anangojea hapo, moto inawaka, mupaka bapande.